Nilimwomba Fundi Amdanganye Mume Wangu

Mshauri mpendwa, nakusalimu kutoka Kwa Mrombo na nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimefanya jambo sijui nilitengue vipi. Mume wangu Ephraimu, Baba Joel, ni mwalimu mstaafu, ana miaka sabini na moja, na kigari chetu kidogo tumekaa nacho miaka ishirini, ndicho kilichompeleka mama yangu hospitali, na kila asubuhi hukifuta vumbi kabla hajanywa chai. Mwezi uliopita tukirudi kutoka Momela kwa dada yake, breki ziligoma mteremkoni tukaishia ndani ya shamba la migomba, hatukuumia, lakini tangu siku hiyo nikifumba macho nauona ule mteremko. Fundi wetu Hans aliniambia pembeni kwamba pedi za breki zimekwisha na mafuta yake yamechakaa, kazi ya siku moja tu, ndipo nikamsihi amwambie Baba Joel kuwa silinda kuu ya breki imekufa na spea haipatikani tena, nikidhani atakiuza. Hakukiuza. Amezunguka maduka ya spea mji mzima kwa miguu, na jana amerudi anacheka kama kijana, "Mama Joel, nimeipata, ya mtumba, Jumamosi naifunga mwenyewe, Hans asisumbuke." Nikaenda jikoni nikalia. Nikimwambia ukweli, ataniamini tena?

Mama Joel

Mama Joel, pole kwa hofu, lakini umekosea, na Hans amekosea zaidi kwa kukubali. Ulitaka mzee asiendeshe gari bovu. Sasa anakwenda kung'oa silinda isiyo na ubovu na kuweka ya mtumba, huku pedi zilizokwisha zikibaki palepale, kisha aingie barabarani akiamini gari limepona. Usingoje Jumamosi. Mwambie leo, mkiwa wawili. Atanuna. Mwache anune hata siku mbili, ametembea juani kwa ajili ya uongo wako.

Halafu nendeni wote kwa Hans. Amwombe mzee radhi, abadilishe pedi, aweke mafuta mapya ya breki na kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba yake, Ephraimu akiwa amesimama anaona. Mkishuka mlima tumieni gia namba mbili. Mguu ukikaa juu ya breki njia nzima, mafuta yake huchemka na breki hugoma. Na macho yake yapimwe, umri huo si wa kubahatisha.

Ukimweleza, usianze na breki. Anza kwa kumwambia kwamba uliogopa kubaki bila yeye. Hayo ndiyo ulipaswa kuyasema kabla hujamwona fundi.