Mkono wa Majivu, Mkono wa Limau

Bukoba,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Na mwangaluka ya Kisukuma pia, maana najua Kiswahili peke yake hakikutoshi asubuhi. Mimi mwanao Minza sijambo, nakula, nalala, na kile kikohozi cha mvua kimekwisha. Wasiwasi wangu uko kwenu huko kisiwani Goziba. Mgongo wako unasemaje? Na Mama, macho yake ya moshi yamepoa? Nimesikia kwa wanunuzi wa dagaa kwamba mvua imewanyeshea mfululizo na dagaa hawakauki. Poleni sana. Dagaa akikosa jua ni hasara na harufu, na hiyo harufu ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu leo.

Barua hii anakuletea Nathanieli, yule mnunuzi mwenye kofia ya njano, kwa sababu hapa shuleni simu haturuhusiwi. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usihangaike kutafuta miwani. Kaa chini kabisa, ni ndefu. Na usiruke kurasa kwenda mwisho, nakujua.

Baba, nusura niondolewe sayansi. Usishtuke, nimesema nusura. Unakumbuka nilivyochaguliwa kidato cha tano hapa, mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, ukazunguka kambi nzima ukitangaza, hata kwa wageni walioshuka kwenye boti siku hiyo hiyo na hawakujui. Basi kemia ikanikaba koo. Mtihani wa kwanza nilianguka, wa pili nikaanguka vibaya zaidi. Mwalimu wa taaluma akatangaza mstarini kwamba tuliofeli kemia mara mbili tutahamishiwa masomo ya sanaa, labda mwalimu wa somo mwenyewe atutetee. Sisemi sanaa ni mbaya. Lakini nilijiona nikishuka pale Goziba na kukuambia kwamba yale uliyoyatangaza si kweli tena. Nililia, Baba. Nililia chooni ili Evelyne asinione.

Evelyne ni jirani yangu wa kitanda, binti wa hapa hapa mjini. Siku ya kwanza nilipofungua tranka langu lenye dagaa wa Mama, yeye akafungua dirisha. Tangu hapo kila jioni ni dirisha, na kuuliza bweni zima kama kuna mtu anafuga sangara chini ya kitanda. Wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu, nami nacheka nao, maana usipocheka wanajua wamekupata. Wakiniuliza kwetu wapi, nilikuwa nasema Kitendaguro, hapa hapa Bukoba, kwa Mama Mdogo Klaudia, kama ulivyoniagiza.

Kilichoniangusha kwenye kemia kinaitwa nguvu za mvutano kati ya molekuli. Usikimbie, nitakueleza. Huku tunasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo tafsiri ni yangu, na nikikosea usinicheke. Molekuli ni kile kichembe kidogo kabisa cha kitu. Cha maji kina oksijeni moja na haidrojeni mbili zilizoungana. Sasa tuliulizwa, maji yakichemka, nini kinaachana na nini? Nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba haidrojeni inaachana na oksijeni, kila mmoja anashika njia yake. Mwalimu Rwegasira, mwalimu wetu wa kemia, mzee mpole asiyejua kupaza sauti, alichora msalaba mwekundu juu ya jibu zima, halafu akaandika pembeni kwamba kwa hesabu zangu jiko la mama yangu lingelipuka kila akipika. Sikumwelewa. Niliona ananitukania mama.

Jumamosi moja nikapewa ruhusa ya kwenda Kitendaguro. Mama Mdogo alikuwa anapika ebitoke, zile ndizi zao, sufuria amelifunika kwa majani ya mgomba kama wapikavyo Wahaya wenzake, na mimi kazi yangu ilikuwa kusafisha dagaa wa mboga. Alipofunua jani nikaona upande wa chini umejaa matone. Nikayagusa, nikayaonja. Maji. Mvuke ule ulitoka kwenye maji, ukapanda, ukagusa jani, ukarudi kuwa maji yale yale! Hakuna kilichovunjika, Baba. Haidrojeni ni gesi inayowaka vibaya sana. Ingekuwa kweli inajitenga pale juu ya moto wa kuni, Mama Mdogo na kilemba chake cha kwaya wangeonekana ziwani. Ndicho alichokuwa anasema Mwalimu Rwegasira. Molekuli yenyewe inabaki nzima. Kinachoachia ni ile kushikana kwake na molekuli wenzake. Nilipiga ukelele mle jikoni, "Ai waitu!", mpaka Mama Mdogo akadhani nimeungua.

Kisha nikafanya kosa, na kosa hilo ndilo limenifikisha hapa nilipo. Mikono ilikuwa inanuka dagaa, na jioni nilitakiwa kurudi bwenini kwa Evelyne na dirisha lake. Nikachota majivu jikoni nikaisugua kama tunavyosugua masufuria huko kisiwani. Wee! Harufu ikapanda maradufu. Nikasugua tena kwa bidii zaidi, ndipo nikaharibu kabisa, hata paka wa jirani akaja kuchungulia. Mama Mdogo alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanipa nusu ya limau akasema nipake. Nikapaka, nikasuuza, harufu kwisha. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu kwamba yeye anajua kupika, hizo kwa nini nikawaulize walimu wangu.

Sikuwauliza. Nilitaka kulipata mwenyewe. Kila nafasi niliyoipata nilikuwa maktaba, nikifunua mpaka mada za kidato cha sita ambazo hatujazifikia.

Huku nyuma, Mwalimu Rwegasira alitangaza kwamba hamtetei mtu kwa sababu ya machozi. Kila aliyefeli atasimama mbele ya darasa na kueleza nguvu zile kwa kitu alichokiona kwa macho yake mwenyewe, mwalimu wa taaluma akiwepo. Atakayeeleweka atabaki, atakayebabaisha aanze kutafuta daftari za historia. Mwenzangu Edvina alichagua tone la mvua linavyoteleza kwenye jani la mgomba bila kulilowesha. Akaeleza vizuri, akapita. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu nilichokielewa mpaka kwenye mifupa, na kitu chenyewe kilikuwa kinanuka. Nikikichagua, kila mtu atamjua yule sangara wa chini ya kitanda. Nisipokichagua, kwaheri sayansi. Nikapiga moyo konde.

Niliingia darasani na beseni la dagaa waliolowekwa, kopo la majivu na limau. Kabla sijasema neno, minong'ono imeshaanza na madirisha yanafunguliwa. Nikatumbukiza mikono yote miwili kwenye lile beseni, nikaisugua na dagaa vizuri. Mkono wa kushoto nikaupaka majivu, wa kulia limau, nikaisuuza kila mmoja kwenye maji yake. Nikamwomba Evelyne aje anisaidie. Alikuja amebana pua. Nikamwomba aachie pua anuse mkono wa kushoto. Baba, yule binti alirudi nyuma mpaka akagonga ubao. Darasa likaangua kicheko, na safari hii hawakunicheka mimi. Alipotulia akanusa wa kulia, akanusa tena, akageuka na kuwaambia wenzake kwamba ananusa limau tu.

Hapo ndipo nikafundisha. Ndiyo, nasema nikafundisha! Nikaeleza kwamba kinachonuka ni kemikali inayotengenezeka samaki anapoanza kuharibika. Molekuli zake ni ndogo na hazishikani sana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo hata bila moto zinaruka hewani na kutua puani. Majivu yanaziacha huru ziruke zaidi. Lakini limau lina asidi, na asidi inaipa kila molekuli chaji ya umeme. Maji yakikuta chaji hayaachii, yanaishika kila upande, na ukisuuza inakwenda nayo. Nikawaambia kwamba harufu ni kitu kilichokosa wa kukishika, wakaandika sentensi hiyo kwenye madaftari yao kana kwamba imetoka kitabuni.

Mwalimu wa taaluma akataka kunitega. Akauliza mbona ile gesi inayonuka yai viza ina molekuli nzito kuliko za maji, lakini ni gesi hata mahali pa baridi, wakati maji mepesi yanasubiri mpaka yachemshwe? Ni ndugu wa swali lile lililonizika kwenye mtihani. Nikamjibu kwamba uzito si hoja kubwa hapo, hoja ni kushikana. Oksijeni iliyo ndani ya maji ni mchoyo, inavutia umeme wote kwake, kwa hiyo haidrojeni ya molekuli moja inabaki na njaa na kung'ang'ania oksijeni ya jirani. Salfa iliyo kwenye gesi ile haina uchoyo wa namna hiyo, kwa hiyo molekuli zake zinaachana mapema. Akaitikia kwa kichwa, akamtazama Mwalimu Rwegasira, na Mwalimu Rwegasira akatazama dirishani akificha tabasamu.

Nimebaki, Baba. Minza wako ni wa sayansi. Na mtihani uliofuata nimekuwa wa pili kwa kemia darasa zima, nyuma ya Edvina tu, na Edvina nimemwambia ajiandae. Watangazie tena, hata wasiokujua, nimekupa ruhusa.

Sasa kuna jambo ambalo sijakuambia. Mwalimu wa taaluma aliniuliza habari hizi za kunusa mikono nimezitoa wapi. Ningeweza kusema ni kwa Mama Mdogo, na ingekuwa kweli. Lakini nilikuwa nimesimama pale na mikono imenyooshwa mbele za watu, nikakukumbuka wewe. Siku uliyonileta ulibeba tranka langu begani toka stendi mpaka getini, ukalitua. Wazazi wengine walikuwa wanaingia kuona mabweni na kusalimiana na walimu. Mlinzi akakukaribisha na wewe. Ukasema boti inakusubiri. Haikukusubiri boti, Baba. Tulishuka nayo pamoja, na nahodha alituambia anaondoka kesho yake. Nikaingia, nikageuka nyuma. Nikakuona kwenye lile bomba la nje, karibu na mpera. Ulinawa mikono, ukainusa. Ukanawa tena, ukainusa tena. Halafu ukaondoka bila kuingia.

Hayo ndiyo niliyoyasema darasani. Niliyasema kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilinikimbia. Nikasema kwetu si Kitendaguro, kwetu ni Goziba, mimi ni binti wa Machibya mvuvi wa dagaa, na baba yangu aliishia getini kwa sababu aliogopa mikono yake itaniaibisha, mikono hiyo hiyo iliyonilipia kila nilichovaa. Nisamehe kwa kusema siri yako mbele ya watu. Hapana, nafuta. Usinisamehe, kwa sababu ningepewa nafasi ningesema tena. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Rwegasira alivua miwani akaifuta muda mrefu. Jioni Evelyne alikuja kukaa kitandani kwangu, akaniomba dagaa wa kulia ugali. Alikula akajilamba vidole, na dirisha hakuligusa.

Mwezi ujao tuna siku ya wazazi. Maabara itafunguliwa, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuonyesha jaribio lile mbele ya wazazi na walimu wote. Mkono wa majivu utakuwa wangu. Kwa ajili ya limau, Mwalimu Rwegasira ameniambia nitafute mtu wa kunisaidia, mwenye mikono iliyoshika dagaa miaka na miaka ili watu waone kazi ya asidi. Nimeshampa jina. Ameliandika kwenye ratiba, na mkuu wa shule ameliona. Kwa hiyo usije ukaniambia habari za boti. Nitakusubiri getini mimi mwenyewe, na tutaingia pamoja.

Nisalimie sana Mama, mwambie dagaa wake wamenipatia heshima. Kaka Mashimba mwambie deni langu la soga liko palepale, na wavuvi wote wa kambini wasalimie mmoja mmoja. Mama Mdogo Klaudia anawasalimu, anasema safari hii usipite Bukoba bila kula kwake. Mungu awalinde ziwani, mvua iwapishe, jua liwake.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Minza Machibya.

Baba, siku hiyo usinawe. Njoo ulivyo. Malimau ninayo.