Mtoto Hampi Mkubwa Mgongo

Uvira, majira ya mvua

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Natumaini goti lako sasa linakuacha ulale, na kwamba Baba bado anagombana na redio yake. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini usianze kulia. Ni barabara za huku na kula ndagala kila siku.

Uliniuliza kwa simu kazi yangu hasa ni ipi, maana majirani huko Kalemie wanasema nimekuwa daktari. Wapi! Naenda shule kwa shule na mashine ndogo ya kupimia masikio. Namvalisha mtoto kaski inayofunika masikio, nabonyeza kitufe, mlio mdogo unatoka, na mtoto akiusikia anainua mkono. Ukiambiwa hivyo utaona ni kazi ya mchezo. Lakini nitafutie kwanza chumba kimya katika shule iliyo kando ya barabara ya Fizi, pikipiki zinapita, na darasa la jirani linaimba hesabu kwa sauti moja. Siku moja tulipimia ndani ya stoo ya majembe.

Kelele tungezivumilia. Kilichotushinda ni adabu. Mtoto anatakiwa akae amenipa mgongo, asione kidole changu kinapobonyeza, na watoto wa huku hawakubali. Unamgeuza, anageuka tena taratibu, macho chini. Shule ya kwanza nilipolalamika, direkta, mkuu wa shule, alikunja uso.

“Madamu, batoto betu tulibafundisha heshima. Mutoto hawezi kupea mukubwa mugongo.”

Watoto walikuwa wengi, nami sikutaka kugombana na mwenye shule. Nikawapima wakinitazama. Tangu hapo tukafanya hivyo kila mahali, kuanzia Luvungi kushuka huku, kazi ikaenda mbio, nami nikajisifu.

Tulipofika Makobola nikakutana na Zawadi. Ni msichana anayerudia tena mwaka wa kwanza, mrefu kuliko wote wa benchi yake. Mama yake, muuza ndagala, alikuja mwenyewe siku ya kupima, kwa sababu alikuwa amekwisha kukata shauri: masikio yakionekana mabovu atamvumilia, yakionekana mazima mtoto anatoka shuleni akaanike samaki. Zawadi alivaa kaski, akanikazia macho, na hakukosa hata mlio mmoja. Nikamwambia mama yake kwamba mtoto anasikia vizuri kuliko wote niliowapima asubuhi ile. Nilidhani nimempa habari njema.

“Kumbe weye unasikiaka!” alimwambia binti yake. “Iko kichwa nguvu tu. Kesho haurudi hapa.”

Kabla hawajatoka, mvua ikashuka. Mvua ya huku haibishi hodi, Mama. Ilipiga bati hadi tukashindwa kuongea, tukakwama darasani, mimi na mama Zawadi tumeketi nyuma. Mwalimu alijaribu kuendelea. Alisema jambo, hakuna aliyelisikia. Watoto wakacheka na kutazama juu, wengine wakalaza vichwa. Zawadi peke yake alitoa kaye yake, akaifungua, akaanza kuandika. Mwalimu akasema tena, naye Zawadi akainuka akaenda kufuta ubao.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi sote tulikuwa viziwi kwa sababu ya mvua, yeye alikuwa kama siku zote. Alikuwa anasoma midomo ya mwalimu. Mwalimu akigeukia ubao huku anaongea, mtoto hapati neno, ndiyo maana anarudia mwaka. Na kwangu alikuwa amesoma kidole.

Mvua ilipopungua nikamwomba mama yake aniachie mtoto tena kidogo. Lakini nitamgeuzaje? Nikakukumbuka wewe, Mama, jinsi nilivyokaa katikati ya magoti yako unanisuka, mgongo wangu kwako, wala hakuna aliyeniita mkosa adabu. Nikatandika kitenge chini mbele ya kiti changu, nikamwonyesha kichana. Zawadi akaja, akakaa bila wasiwasi. Nikamvalisha kaski juu ya nywele zake, mama yake amesimama kando.

Nikabonyeza. Mkono ulibaki juu ya goti. Nikaongeza sauti, nikaongeza tena, mpaka mlio ukavuja nje ya kaski na mama yake naye akausikia.

“Iko anafanya makusudi?” aliuliza polepole.

“Hapana, mama Zawadi. Hasikii.”

Aliketi palepale sakafuni. “Minye nilikuwa namupigaka juu ya ile, madamu. Nilikuwa namuita, iko amenipa mugongo, hageuki. Nilikuwa nasema ni zarau.”

Nililia, Mama, mbele ya direkta wa shule ile aliyekuwa amefika mlangoni, na sikuona haya.

Zawadi yuko shuleni bado, benchi ya mbele. Mwalimu ameahidi kuongea akiwa amewaelekea watoto, na akisahau wanamkumbusha kwa kelele. Vifaa vya kumsaidia kusikia hatuna. Nimewaandikia wakubwa wangu, hawajajibu.

Sasa habari niliyokuwa naizunguka. Niliahidi kuja Noeli, na najua umekwisha kumtenga kuku. Sitakuja. Watoto wa shule zote zile, niliowapima wakinitazama, lazima niwapime upya, na ruhusa niliyoipata ni ya siku hizo za likizo, kuwapima nyumbani kwao, katikati ya magoti yangu.

Nisalimie Baba, mjomba wetu fundi baiskeli, shangazi wa kanisani, na mdogo wangu anayejiandaa kuolewa. Mwambie asinikasirikie sana. Nawe nisamehe. Hata sasa ninapoandika, huko Luvungi kuna mama anamwita mtoto aliyempa mgongo, na mtoto hageuki, na mama anaokota fimbo kwa sababu mimi nilimwambia anasikia.

Ni mimi binti yako,
Josefina