Visoma CD vya Kompyuta Kuukuu

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila goti linalalamika kila nikiinuka kitini hapa karakanani. Umekonda? Usinidanganye.

Nina shida ya kikazi. Kina mama wanaofuma masweta ya shule wameniletea kompyuta inayoendesha mashine yao. Ni ya zamani, mitindo yote inapakiwa kwa CD, na kisoma CD chake kimekufa kabisa. Duka moja limewaambia watupe mashine nzima wanunue mpya. Wanunue na nini? Shule zinafunguliwa katikati ya Mei. Wewe unashinda ukivunjavunja kompyuta kuukuu za ofisi huko kwenye yadi ya vifaa chakavu. Nitafutie kisoma CD kizima.

Mama yako

20 Machi

Shikamoo Mama,

Niko mzima, na sijakonda, muulize mshonaji aliyeniongezea kiuno cha suruali. Msimamizi wangu alicheka: "Beba, nani anavitaka siku hizi?" Nimekutumia vitano.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Salamu tele. Mzigo umefika, ila baba, hivi ni vya laptopu! Vyembamba kama sahani. Nataka vile vinene, vyenye nafasi ya waya mpana nyuma. Na usichague kwa sura. Kiwashe, trei itoke, weka CD, usikilize. Kikikwaruza, achana nacho.

Kina mama wananichungulia mlangoni kila asubuhi. Nawaambia, "Itafuma." Nami najua itafuma.

Mama yako

19 Aprili

Shikamoo Mama,

Goti linaendeleaje? Nimepima rundo zima, vitatu tu ndivyo vinavyosoma. Nimevifunga kwa fulana zangu. Nimeongeza cha nne; trei yake inagoma, lakini lenzi ni safi kuliko zote. Najua utakiweza.

Mwanao

10 Mei

Mwanangu,

U mzima? Viwili vimefika vimepasuka. Cha tatu kikasoma nusu, kikazimika. Jasho lilinitoka, sikufichi. Nikafungua kile kilichogoma: mkanda wa mpira unaovuta trei umelegea, basi! Nikautia kwenye maji ya moto, ukajikaza.

"Fundi, unapika nini?" wakaniuliza.

"Masweta."

Jioni mashine ikafuma. Vigelegele vilipigwa mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Mama yako

30 Juni

Mwanangu,

Kimya chako si cha kawaida. Kuna nini? Sema.

Mama

11 Julai

Shikamoo Mama,

Nisamehe. Yadi ilifungwa Mei, tukaachishwa kazi wote. Sikutaka kukupandisha presha. Siku ya mwisho nilibeba visoma CD vyote vilivyobaki, sijui hata kwa nini. Chumbani hakuna pa kukanyaga. Nirudi nyumbani?

Mwanao

25 Julai

Mwanangu,

Pole sana, baba. Mlango ni wako saa yoyote. Lakini kwanza, unajua unalalia nini? Kuna kliniki ya macho, kuna mchapishaji, kuna mafundi wenzangu. Wote wananiuliza visoma CD vizima vinapatikana wapi. Pima kimoja kimoja, uandike bei. Mimi nataka vinane. Ukinipunguzia kwa sababu ni mama yako, nanunua kwingine.

Mama yako

2 Septemba

Shikamoo mteja wangu wa kwanza,

Natumaini hujambo. Vinane hivyo, vyote nimevisikiliza mwenyewe, bei kamili. Cha tisa ni zawadi. Kasirika ukitaka, lakini huko kwingine unakokusema, nimeuliza kote: hakuna.

Mwanao, mwenye duka