Kijiji cha Wazee wa Nusu Ekari

Jumatatu, 6 Mei 1996

Nimepata kazi! Ya siku tano tu, lakini kazi.

Amekuja bwana mmoja kutoka wilayani, Bwana Zefania. Anahesabu wakulima: ni wangapi, umri wao, wanalima kiasi gani, wanaajiri nani na kwa ujira gani. Alitaka mtu wa kijijini mwenye mwandiko mzuri. Mwenyekiti wetu, Mzee Abbasi, akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu mpaka wakamaliza kunijadili.

Shilingi mia sita kwa siku! Kibarua wa kupalilia hapa Chumbi anapata mia tatu na chakula. Baba alicheka: kumbe kalamu inalipa kuliko jembe. Mama alinifulia gauni la buluu.

Nimesoma fomu mara nne. Maswali ni mepesi. Nimemaliza kidato cha nne, siwezi kushindwa na fomu. Kazi iliyobaki ni kutoa sauti.

Jumatano, 8 Mei

Siku ya kwanza. Nyumba kumi na moja, milango kumi na mmoja imefungwa. Bwana Zefania akaanza kuandika "Hakuna mtu", "Hakuna mtu". Nikasema wapo bondeni. Hakusikia. Nikasema tena. Mara ya tatu akageuka — Nini, binti?

Nikamweleza. Mpunga umeanza kutoa masuke. Mwezi huu hakuna anayelala kijijini ila wagonjwa na kuku. Watu wamehamia kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mashamba, wanafukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Kwao Bwana Zefania, Dodoma, hawana jambo hilo. Alisema, kwa hiyo kijiji kizima kiko juu ya miti? Nikasema ndiyo. Tukavuka mto kwa mtumbwi, ameshika fomu zake kifuani kama mtoto mchanga.

Tulianza na Bi Kijakazi, mjane jirani yetu. Hakushuka. Alitujibu kutoka juu huku anazungusha kombeo.

Umri? — Andika wa kutosha.

Mume? — Yupo kaburini, nenda kamuulize.

Watoto wangapi? Hapo akawarushia ndege jiwe. Bwana Zefania akarudia. Nikamnong'oneza kwamba watoto hawahesabiwi kwa mdomo, ni kuwatakia mabaya. Nikahesabu sahani zilizoanikwa kwenye ngazi. Nne. Toa yake, tatu. Bi Kijakazi aliniona nikihesabu, akacheka: "Weye mtoto, shule imekufundisha ujasusi!"

Halafu ekari ngapi? "Nusu," akasema. Tulikuwa tumetembea ndani ya mpunga wake kwa muda mrefu kabla ya kulifikia dungu lake. Nikamwangalia. Akaangalia ndege.

Nikaandika nusu.

Ijumaa, 10 Mei

Kila mtu nusu ekari!

Na wanaume wote wamezeeka ghafla. Mudrick, aliyemaliza shule miaka minane mbele yangu, alifunga kitambaa kichwani akakohoa: miaka sitini na moja. Mkewe alijificha nyuma ya dungu asionekane anacheka. Bwana Zefania alimtazama sana, lakini Mudrick alijilaza miguu ndani ya blanketi kama mgonjwa, ingawa jua lilikuwa kali, naye hakuuliza zaidi.

Najua sababu. Mzee Abbasi alipitisha neno msikitini: hawa ni watu wa kodi ya kichwa. Aliyevuka sitini hadaiwi. Mwenye shamba dogo hasumbuliwi. Mwaka juzi walikamatwa watu hapa kwa kodi, wakapelekwa wamefungwa kamba mbele ya wakwe zao. Siwalaumu.

Leo ilikuwa zamu ya dungu letu. Baba aliwahi kujibu kabla ya Mama. Bushiri, miaka sitini na miwili, nusu ekari. Kazi ya mke? "Mama wa nyumbani," akasema Baba.

Mama alikuwa amesimama pale pale, matope mpaka magotini. Lile shamba ni lake. Alipewa na mama yake kabla hajaolewa. Dungu kalijenga yeye. Baba ana mahindi yake huku juu, bondeni hushuka kula wali.

Mama aliniangalia, nami nikaandika: mama wa nyumbani.

Swali la ujira limetutatiza pia. Fomu ina mstari mmoja: "mshahara kwa mwezi". Hapa hakuna mwezi. Anayekuja kuvuna analipwa kikapu kimoja katika kila vikapu sita. Wengine wanalimiana kwa zamu na malipo ni chakula. Bwana Zefania alisema weka sifuri. Nikaweka sifuri, na pembeni nikaandika habari ya vikapu kwa herufi ndogo. Hiyo angalau ni kweli.

Jumatatu, 13 Mei

Tumemaliza. Nimejumlisha mwenyewe, mara mbili, bila kosa. Wakulima themanini na wanne. Ekari arobaini na mbili. Wastani wa umri miaka sitini na moja. Mama wa nyumbani tisini na saba.

Bwana Zefania aliusifu mwandiko wangu. Alisema Utete, makao ya wilaya, wanatafuta karani wa takwimu, wa kudumu, mwenye mshahara. Atanipendekeza. Niliinama tu, nikagonga paji la uso kwenye meza.

Mshahara! Mimi!

Jumamosi, 25 Mei

Mzee Abbasi amerudi kutoka wilayani na barua. Ameisoma mbele ya ofisi ya kijiji, kisha akanipa mimi niisome tena kwa sauti maana watu hawakuamini.

Kuna kampuni ya Dar inataka bonde kwa kilimo cha mpunga cha matrekta. Siku hizi milango imefunguliwa, mwenye mtaji anakaribishwa. Na barua inasema kwamba, kwa mujibu wa hesabu ya wakulima ya Mei mwaka huu, kijiji kinatumia ekari arobaini na mbili, na wakulima wake ni wazee. Ekari takriban mia tano na hamsini hazina mtu. Mwenye pingamizi alete kwenye mkutano, tarehe 10 Juni.

Nakala ya hesabu imebandikwa nyuma. Mwandiko ni wangu. Mzuri sana.

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Bi Kijakazi alinishika mkono: "Mwanaheri, mie nimekufa? Maana nalitafuta shamba langu kwenye karatasi yako silioni."

Nikasema, Bibi, ulisema nusu.

"Niliiambia serikali nusu," akasema. "Weye uliliona."

Jumapili, 26 Mei

Baba amesema ninyamaze. Hoja zake si za kijinga, naziandika kwa haki. Kampuni itaajiri. Mtu atapata mshahara kila mwisho wa mwezi, mafuriko yaje yasije. Na tukibadilisha hesabu, wanaume wote watakuwa wamekiri uongo, watadaiwa kodi ya miaka yote ya nyuma. Yeye wa kwanza. Tena, akasema, na wewe kazi yako ya Utete umeisahau?

Sijaisahau.

Mama alikuwa anapepeta. Hakuinua kichwa. Akasema, "Baba Mwanaheri, mshahara huo atalipwa nani? Mie ni mama wa nyumbani."

Baba akatoka nje.

Alhamisi, 30 Mei

Nimekwenda kwa Mzee Abbasi. Peke yangu! Nilisimama mlangoni mpaka mkewe akauliza kama nimetumwa chumvi.

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilisema: Mwenyekiti, tuhesabu upya. Sio kwa kuuliza. Kwa kupima. Hatua sabini kwa sabini ni ekari moja, kila mtu aliyesoma shule anajua. Na jina tusimuulize baba wa nyumba. Tuandike aliye juu ya dungu. Anayekesha na mpunga ndiye mkulima wake.

Mzee Abbasi akasema, mtoto, ukiandika walio juu ya madungu utajaza karatasi wanawake. Nikasema, basi zitajaa.

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema sawa, lakini barua ya kumwambia Bwana Zefania niandike mwenyewe na niweke sahihi yangu. Yeye hataki kuonekana ndiye aliyepitisha neno msikitini.

Nimeiandika. "Ndugu, hesabu niliyokuandikia si ya kweli. Nilijua wakati naandika. Tunapima upya na tutaileta mkutanoni." Nimempa mwalimu Consolatha, anakwenda Utete kuchukua mshahara wake.

Nilipomkabidhi bahasha niliona kazi yangu ikiondoka nayo. Nilikaa chini kidogo. Kisha nikaenda kutafuta kamba.

Jumatatu, 3 Juni

Siku tatu za kupima. Miguu imevimba. Nina furaha ya ajabu!

Bi Kijakazi: ekari tatu na robo. Tatu na robo, peke yake, na wajukuu watatu! Alitembea nami pande zote nne akihesabu hatua kwa sauti, na kila kona alisema "andika". Umri pia kautoa. Sitini na tisa. Yeye ndiye mzee wa kweli na hakuna aliyemuuliza.

Mudrick alitukimbilia akiwa ametota. "Dada, nifutie ile sitini na moja! Nina ishirini na sita, mke wangu ananiita babu mbele za watu!" Nikauliza, na kodi? Akasema, nitakwenda bandarini Nyamisati kupakia boriti nikailipe. Shamba likishakwenda nitapakia boriti maisha yangu yote.

Si wote. Wanaume wanane wamekataa nisikanyage kwao. Mmoja kaniita karani wa wanawake. Nikamwambia ndiyo. Sijui sauti ile ilitoka wapi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimejumlisha. Wakulima mia mbili na kumi na watatu. Wanawake mia moja thelathini na mmoja, wanaume themanini na wawili. Wastani wa umri miaka thelathini na saba. Ekari mia tano na sabini, na wale wanane bado.

Vibarua wa msimu nimewapa ukurasa wao. Wapo wanaotoka kijiji cha Mkongo kila mwaka kuvuna. Nimeandika vikapu, sio sifuri.

Mmoja wa wale wanane ni Baba. Hajasema nami tangu nilipochukua kamba. Anapita kama mimi ni kinu. Shamba la Mama sijalipima. Nilishuka na kamba mara mbili, Mama akanirudisha. Alisema: hapo usikanyage mpaka baba yako aseme, la sivyo atasema mmeniibia mke na binti kwa siku moja.

Kwa hiyo nimepima kijiji kizima, nikaacha kwetu. Mstari mmoja mtupu.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika kwenye veranda ya ofisi ya kijiji. Mkutano umesimama kwa swala ya adhuhuri. Mimi ndiye mwandishi wa mkutano, hawakupata mwingine.

Bwana Zefania amekuja na watu wawili wa idara ya ardhi. Hakunisalimu. Alishika hesabu zote mbili, moja kila mkono, akauliza ipi ya kweli. Nikasimama. Nikasema, ya pili. Akauliza, na ya kwanza iliandikwa na nani? Mimi. Ukijua? Nikijua.

Akasema habari ya Utete tusiizungumze tena. Nikasema sawa.

Halafu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alisema karatasi haitoshi. Baada ya swala kila mkulima asimame aseme kwa kinywa chake jina, umri, shamba. Na kwa kuwa ni binti Bushiri aliyeleta habari hii, tuanze na nyumba ya Bushiri. Nyumba hiyo ikisema vingine, atachukua hesabu ya kwanza.

Wote waligeuka kumtazama Baba. Naye alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Wanarudi. Baba amepita karibu yangu. Amesimama. Neno la kwanza kwa siku kumi na moja: "Una nafasi kwenye karatasi hiyo?" Nikasema upo mstari mmoja. Ameingia, amekaa mbele.

Nimewafuata ndani na karatasi zangu, wameanza. Baba amesimama. "Bushiri. Miaka hamsini na mmoja." Watu wameguna. Bwana wa ardhi anaandika kitu. Kodi, najua.

Shamba la bondeni? Baba anajifuta uso kwa kofia.

Mama amesimama bila kuitwa. Watu wanampisha. Hana khanga ya mkutano, amekuja na ile ya shambani. Amesema jina lake lote, Mwantum binti Salehe. Ameulizwa kazi. Amesema, mkulima. Ekari ngapi? Amesema hajui, mwanawe hajapima, lakini mpunga upo, haukimbii, waje waone.

Bwana Zefania amemgeukia Baba. Anauliza kama ni kweli.

Baba hajakaa. Hajakataa. Kalamu ninayo mkononi, kwenye ule mstari mtupu nimeshaandika jina, Mwantum binti Salehe, mkulima —