Vijiko Vitano kwa Mama Edina

Jumanne, 6 Mei. Mbeya

Mwanjelwa, kibanda cha pembeni ya soko. Ndizi na nyama. Ndizi zimeiva vizuri, nyama mifupa mitupu. Dada wa kuhudumia alikuwa kwenye simu. Nilimwita mpaka nikachoka, akaja amenuna kana kwamba mimi ndiye niliyemkatiza kazi. Maji ya kunawa ya baridi, na baridi yote hii. Vijiko viwili kati ya vitano.

Nimeweka ukurasani. Wasomaji wangu wanapenda nikiwa mkali. Nikisifu mgahawa, wanapita kimya. Nikichana, wanajaa.

Mvua haijakata. Kwangu jiko halijawashwa tangu mke wangu Rehema aondoke. Watu wanadhani naandika habari za migahawa kwa sababu napenda chakula. Naandika kwa sababu sina pa kula.

Alhamisi, 8 Mei. Mbalizi

Nimepeleka mbegu za kabichi kwenye maduka mawili. Halafu supu ya utumbo. Haijaoshwa. Nimeandika hivyo hivyo: haijaoshwa. Kijiko kimoja, na hicho ni cha chapati.

Mgongo unauma.

Jumatatu, 12 Mei. Iringa

Mbegu zimenileta Iringa, kama kila wiki. Mchana kwa Mama Edina, nyuma ya stendi ya zamani. Banda la mabati, mabenchi matatu, ugali, nyama, mboga ya maboga. Miaka mitano nakula pale na sijawahi kupaandika. Nilitaka pabaki pangu.

Mimi Mngoni wa Songea, yeye Mhehe. Watani. Babu zetu walipigana mikuki, sisi tunatukanana na hakuna wa kutushtaki. Yeye anasema Wangoni tunakula panya. Mimi nasema Wahehe wanakula mbwa. Hakuna anayekasirika. Akikasirika ndiye atakayechekwa.

Leo sijakaa hata vizuri: "Kamwene, Mngoni. Leo panya zimeisha. Na mbona umekonda hivyo, huko Mbeya wanakulisha nini?" Nikamuuliza yuko wapi yule mbwa wa jirani aliyekuwa anabweka wiki iliyopita. Benchi zima likacheka. Yeye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, akaniongezea mchuzi bila kuombwa. Kila wiki lazima aniambie nimekonda. Sina mtu mwingine anayenitazama kiasi hicho.

Jioni nikamwandika. Nilitaka wote wanaopita Iringa wamjue. "Nyama ya Mnyalukolo huyu, Mhehe halisi, ni laini, na ukiitafuna kwa utulivu utaisikia ikibweka. Mbwa wa jirani haonekani tangu Ijumaa. Maji ya kunawa ya moto, moyo wa mwenyewe wa moto zaidi. Vijiko vitano." Nimeweka na picha yake ameshika mwiko. Sijawahi kumpa mtu vijiko vitano.

Leo nina furaha. Niandike, maana si kawaida.

Jumatano, 14 Mei. Mbeya

Andiko linakwenda kuliko yote niliyowahi kuandika. Wangoni na Wahehe wanatukanana chini yake mpaka raha. Mtu mmoja wa mbali kauliza kama habari ya mbwa ni kweli. Nimemjibu kwa vikatuni vya kucheka. Utani ukiuelezea unakufa.

Kande za jana, baridi. Sijali.

Ijumaa, 16 Mei. Mbeya

Imenirudia kwenye grupu la mawakala wa mbegu, imetumwa na mtu wa Pwani. Picha ya Mama Edina na mwiko wake. Sentensi zangu mbili za mwanzo. Juu yake, herufi kubwa: TAHADHARI ABIRIA MNAOPITA IRINGA. Vijiko vitano vimekatwa. Maji ya moto yamekatwa. Amebaki mbwa tu.

Nimeeleza kwenye grupu. Wawili wameelewa. Mmoja kaandika kwamba nimehongwa. Nimeeleza tena kwenye ukurasa wangu, lakini ile picha imeshatoka ukurasani kwangu, inatembea yenyewe.

Nimempigia Mama Edina. Hapokei.

Naogopa.

Jumatatu, 19 Mei. Iringa

Nimekwenda moja kwa moja bandani, kabla ya maduka.

Mabenchi matupu. Nilidhani watu wa mtaa wangemtetea, na kweli wanamtetea, wanajua ni utani. Lakini wao wanakula makwao. Walaji wake ni madereva wa malori, abiria, mafundi waliotoka mikoa mingine. Hao hawana mtani Iringa. Hao walichokisoma wamekiamini.

Jumamosi bwana afya alikuja. Kafunua masufuria, kauliza nyama imenunuliwa wapi, kaonyeshwa bucha, hakukuta kosa, akaaga kwa heshima. Ila watu walimwona akiingia. Hilo likatosha.

Mama Edina aliniletea maji ya kunawa. Akasema, "Karibu, mteja."

Mteja. Miaka mitano sijaitwa hivyo pale. Hakutaja panya. Hakusema nimekonda. Kaweka sahani mbele yangu kwa mikono miwili, kama anavyowekewa mgeni, akarudi jikoni. Sufuria la nyama lilikuwa limejaa na mchana ulikuwa umeshapita.

Nikamwambia pole, sikukusudia. Akafunika sufuria, akasema taratibu, "Umeandika vizuri, kaka. Watu wengi wamesoma."

Sikuweza kumaliza chakula. Najichukia.

Jumatano, 21 Mei. Iringa

Nimemdanganya bosi kwamba gari limeharibika. Nipo Iringa bado. Nakula kwa Mama Edina asubuhi na mchana, benchi la mbele kabisa, barabara inione ninavyotafuna. Kama mimi ndiye niliyesema ni mbwa, basi mnione nakula.

Konda mmoja kapita akabweka. Wenzake wakaangua kicheko. Mama Edina alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. Aliendelea kusonga hata baada ya ugali kuiva.

Ijumaa, 23 Mei. Iringa

Nilirekodi video ya kuomba radhi. Nimeeleza utani ni nini, tangu enzi za vita. Matokeo: watu ambao hawakuwa wamesikia habari ya mbwa, sasa wameisikia kutoka kwangu, na uso wangu wameuona. Nimeifuta.

Mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu, changu kizima.

Alhamisi, 29 Mei. Mbeya

Sikula.

Jumatatu, 9 Juni. Iringa

Banda halipo. Yamebaki mashimo manne ya nguzo na majivu ya mafiga.

Fundi viatu wa pembeni kasema Mama Edina aliuza mabati Jumamosi. Amerudi kwao Kilolo, baba yake naye ni mgonjwa. Halafu akaniambia, kwa wema tu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilitamani nimpige na kiatu alichokuwa anashona.

Nimekaa kwenye jiwe alilokuwa anawekea ndoo ya maji ya kunawa. Watu wakanitazama. Nikaondoka.

Wasomaji wanauliza mbona siku hizi siandiki. Wananidai mgahawa mwingine wa kuchana.

Jumanne, 17 Juni. Morogoro

Kampuni imenituma huku. Basi lilisimama Ilula, ambayo nayo ni Kilolo, wanawake wakalikimbilia na mabeseni ya nyanya vichwani. Nilikuwa dirishani. Beseni likapanda mpaka usawa wa uso wangu, nyanya nzuri, zimepangwa kwa ukubwa, za juu zimefutwa zikang'aa. Nikajua mikono kabla ya kuona uso. Kidole gumba kina alama ya moto.

Aliniona. Sikupata hata kufungua mdomo. Alishusha beseni, akaenda dirisha la nyuma yangu, akaanza kusifia nyanya kwa sauti ileile aliyokuwa anaitia madereva.

Anakimbia vibaya. Goti lake la kushoto lilikuwa linamsumbua tangu zamani. Bandani hakuhitaji kukimbia.

Nililia kwenye basi. Jirani yangu alijifanya amelala, namshukuru.

Jumatano, 25 Juni. Mbeya

Edina kapiga simu, binti mkubwa wa Mama Edina. Babu yake, baba wa mama, amefariki. Mazishi Ijumaa. Nikampa pole, nikasubiri akate. Hakukata. Akasema, "Mama anasema msiba hauna mtani. Anasema uje."

Msiba wa Mhehe bila mtani ni aibu. Mtani ndiye anayeweka vituko, anamwigiza marehemu, anazuia jeneza mpaka apewe kitu. Wafiwa wakicheka kidogo ndipo wanapata nguvu ya kufukia. Si ombi, ni wajibu. Mtani hakatai.

Lakini mimi, kwake, nitanie nini? Wote pale wanajua neno langu moja tu.

Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 27 Juni. Kilolo

Nimefika asubuhi, ukungu umelala mpaka kwenye migomba. Nikakaa na wanaume, kichwa chini. Mama Edina alikuwa ndani na wanawake. Sikumwona.

Baba yake mdogo, mzee mwenye koti refu, akanijia. "Mtani, mbona umekaa kama mfiwa? Msiba gani huu, mtani amenuna?" Nikasema nitaanza. Sikuanza. Walipomwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, waliigiza wajukuu, kazi yangu hiyo. Wakanitazama. Nikatazama viatu.

Jeneza likaanza kutoka. Nikasimama mlangoni, miguu imepanuka, kama inavyotakiwa. Wabebaji wakasimama. Uwanja mzima ukangoja. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Kila utani uliokuja ulikuwa na mbwa ndani yake. Mtoto akakohoa. Nikaona watu wanaanza kuinamisha macho kwa ajili yangu.

Ndipo sauti yake ikatoka nyuma ya jeneza. Imekauka kwa kulia.

"Msimlaumu. Mngoni hana nguvu, si mnamwona alivyokonda? Mwambieni aingie, asiogope. Mbwa wa marehemu hatujampika bado, tumemfunga huko nyuma."

Uwanja ukalipuka. Wazee wakacheka mpaka kofia zikadondoka. Wabebaji wakashindwa, wakaweka jeneza chini. Mimi nikalia na kucheka kwa pamoja, sijui kipi kilianza. Halafu nikajilaza kizingitini, nikasema huyu mzee haendi kokote mpaka ng'ombe wa babu zangu waliochukuliwa vitani warudi Songea leo hii, na ndama wao. Nikapewa kuku. Nikasema ng'ombe wa Kihehe ndio wanafanana hivi, nilisahau. Wakacheka tena. Nikainuka, nikashika jeneza, nikabeba mpaka kaburini.

Baada ya mazishi aliniletea chakula mwenyewe. Hakuniita mteja. Kakaa mkekani karibu yangu, kaukunjua ule mguu wa kushoto. Nyama laini, chumvi mahali pake. Nikamaliza nikalamba vidole.

Nikamuuliza kama atafungua tena banda. Nikamwambia nitatafuta mabati, nitatafuta eneo, hata Mbeya. Akatazama watu wanavyoosha majembe.

"Hapa tunajuana, Mngoni. Kule hawatujui," akasema. "Sirudi."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Akachukua sahani, akaniambia nichukue kuku wangu nisije nikamsahau, akaingia ndani kwa wanawake. Kesho kutwa anarudi barabarani na beseni.

Amenisamehe, nadhani. Na mgahawa umekufa vilevile.

Jumatatu, 14 Julai. Iringa

Baridi kali. Nimepeleka mbegu za vitunguu.

Pale nyuma ya stendi ya zamani pamefunguliwa banda jipya la chipsi. Mabati mapya, viti vya plastiki vyekundu. Nimekula. Dada anahudumia haraka, meza imefutwa, maji ya kunawa ya moto. Chipsi kavu, hazina mafuta. Kachumbari nzuri sana, nyanya nadhani za Ilula.

Hakuna kosa la kuandika.

"Karibu tena, mteja," akasema. Hakuniambia nimekonda.