Kicheko cha Isoken

Makomredi wa Kikundi cha Filamu mliotawanywa na likizo,

Nilitangaza mbele yenu kwamba filamu yetu ya mazimwi itatengenezwa bila woga wa ushirikina. Kumbukeni siku Isoken alipoigiza maiti. Hapa Benin mwigizaji huangua kicheko mbele ya kamera kabla ya kutoka ndani ya jeneza, ili kifo kijue kwamba ulikuwa mchezo. Mzee Iyamu, seremala aliyetuazima jeneza, alisihi: "Mwanangu, mwache binti acheke kwanza." Nikamjibu: "Baba, msomi hachekei mbao!" Nanyi mkanipigia makofi.

Tangu siku hiyo Isoken hajacheka. Jana nilimkuta kitandani, mikono imekunjwa kifuani vilevile kama tulivyomlaza jenezani. Nilipomtania alininong'oneza: "Nosa, mbona hamjanitoa?"

Daktari haoni ugonjwa. Naogopa, makomredi, na nadharia zangu zote haziwezi kuipasha joto mikono ile. Jeneza bado halijauzwa. Njooni na kamera kwenye karakana ya Mzee Iyamu, Jumamosi, saa nne asubuhi. Tutamlaza tena, na hataondoka mtu mpaka acheke.

Mwenzenu niliyekosea,
Nosakhare