Amplifaya Niliyoichagua kwa Kuipa Mgongo

Baba,

Leo nakusemesha moja kwa moja. Najua ungekuwa hai ungekuwa umeshainuka kwenye kiti unatafuta mlango wa kutokea. Kaa tu. Mama amesema kuandika si kuonana, na mkamwana akimwandikia baba mkwe wake aliyelala hajamvunjia mtu heshima. Kama amekosea, mtamalizana wenyewe mkikutana.

Nianze na habari za nyumbani. Mama hajambo, goti linamsumbua kama kawaida na bado hataki kulipumzisha. Viazi vya kule mlimani vimekubali. Mume wangu Ambakisye amepandishwa cheo huko relini, sasa anavaa kofia, na akirudi nyumbani haivui mpaka wote tuwe tumeiona. Na mwanao wa mwisho, Atupele, ameolewa. Hilo ndilo lililonikalisha niandike, maana nusura harusi yake iizike kazi yako ya muziki.

Lakini kwanza niruhusu nicheke kidogo. Unakumbuka siku niliyoletwa kwenu Mbeya? Mimi Mhehe wa Mlandege, Iringa, nimelelewa kwamba ukimkuta mzee unapiga goti, unampa mikono miwili, unamwamkia. Ambakisye, kwa uvivu wake wa kueleza mambo, hakuniambia kwamba kwenu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawapeani mkono, na jina la mzee halipiti kabisa mdomoni mwa mkamwana. Basi nikakukuta uani unakunja waya, nikakujia na mikono yangu yote miwili, "Kamwene, Baba." Ukautupa waya, ukatoka mbio, ukaingia kwenye mahindi. Nami kwa kudhani umeona nyoka, nikakufuata humo humo. Majirani walicheka wiki nzima. Mimi nililia, nikajua nimekataliwa siku ya kwanza tu.

Kumbe ulikuwa unaniheshimu. Nilichelewa kuelewa, lakini nilielewa. Nilipochoka kukaa bure huku Ambakisye yuko safarini, uliniwekea meza kwenye kibanda cha nyuma ya karakana yako ya redio, kibanda chenye paa lake ili wazee wasiseme tunakaa chini ya paa moja. Katikati yetu ulikuwapo ukuta wa mbao wenye tundu chini, na redio mbovu zilipitia hapo. Nilikaa nimeupa ukuta mgongo, na nasikia nawe ulikaa vivyo hivyo upande wako.

Kusema na mimi, hukusema. Ulisema na amplifaya yako, ile mashine ya kukuza muziki wako wa harusini. "Wewe amplifaya, huyo wa upande wa pili akikuuliza, mwambie waya mwekundu usiguse chuma." Nami naijibu amplifaya, "Msalimie fundi, mwambie nimeuona." Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Ile mashine ilikuwa mkalimani wetu, na ilikuwa na uvumilivu, maana mengine uliyoitamkia kuhusu kulehemu kwangu haikustahili kuyasikia. Siku niliyotengeneza redio ya kwanza ikaimba, ukaiambia amplifaya, "Huyo mtu tutabaki naye." Sikuwahi kukushukuru. Nakushukuru leo.

Ulipofariki, watu walisema mashine nayo imekaa matanga. Mimi sisemi hivyo, mimi ni fundi. Ila haikupita muda transfoma ikaungua, moshi ukajaa karakana, na kila nilichojaribu kikagoma. Seti yako ya harusi ikabaki jenereta, gramafoni, maikrofoni na zile spika mbili za pembe ulizozipaka rangi ya kijani. Katikati hapana kitu. Nilisikitika kupita kiasi, Baba. Nilihisi nimefiwa mara ya pili, maana nani tena angeniletea maneno yako?

Kifungua mimba wako, shemeji Asajile, hakupoteza muda. "Seti bila amplifaya ni vyuma chakavu," akasema. "Tuviuze, karakana tuweke viazi." Unamjua, akishaona pa kuweka viazi haoni kingine. Atupele ndiye aliyemzuia. Alisema haendi kwa mume bila muziki wa baba yake, na akakaa chini kabisa, kama alivyokuwa akifanya utotoni akinyimwa sukari. Ukoo ukakaa kikao. Wakakata shauri: inunuliwe amplifaya moja, niichague mimi kwa kuwa naijua kazi, lakini ikituaibisha mbele ya wakwe, seti yote inauzwa na karakana inakuwa ghala. Nikasema sawa. Nilisema haraka mno, halafu nikashindwa kumaliza chakula.

Mbeya madukani siku hizi hakuna kitu zaidi ya maelezo kwamba bidhaa hazijafika, kwa hiyo tulikwenda Iringa, mimi na Asajile kama mlinzi wa mfuko. Nilipakata spika moja ya kijani njia nzima, nimeifunga kwa kitenge kama mtoto. Asajile aliona aibu akahamia kiti cha nyuma. Lakini wewe ulikuwa ukiiambia amplifaya kila wakati kwamba mnunuzi aende na spika yake, asikubali kusikilizishwa kwa spika ya mwenye duka.

Dukani zilikuwapo mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya zile za taa, na ukiiwasha taa zake zinawaka ndani kwa rangi ya chungwa mpaka unatamani kuota moto. Uso wake una vitufe vya kung'aa, na kuinyanyua kunataka wanaume wawili. Ya pili ilikuwa ya transista, haizidi mkate kwa ukubwa, rangi ya majivu, na chakula chake ni betri ya gari tu. Asajile aliiangalia ile kubwa kama alivyomwangalia mke wake wakati wa uchumba. "Hii ndiyo inafanana na mzee," akasema. Wateja wote wakamuunga mkono. Mmoja akasema ile ndogo inafaa kufundishia watoto nyimbo za Jumapili.

Sikufichi, Baba, hata mimi niliitaka ile kubwa. Niliitamani. Nilijiona nimesimama pembeni yake harusini na taa zake zinanimulika.

Nikaona hapa macho yataniponza. Nikamwomba muuzaji aunge spika yetu, nikavuka barabara, nikasimama nimelipa duka mgongo. Wapita njia walidhani nimegombana na mume wangu, mama mmoja akanipa pole. Lakini mimi kazi hii nimejifunza nikiwa nimegeuka. Mtu akinionyesha mashine sijui cha kusema, akinisikilizisha, najua.

Ikaanza kubwa. Kwa sauti ya chini ilikuwa tamu, naapa. Nikainua mkono muuzaji aongeze, na spika yetu ikaanza kutetemeka kama debe lenye punje za mahindi. Haikuwa kosa la mashine. Pembe zetu ni ndogo, haziwezi kuupitisha mzigo ule. Tungeichukua, tungehitaji pia spika mpya na jenereta kubwa kuliko ile yako, na petroli yenyewe siku hizi ni ya kuvizia. Ikaja ndogo. Haikuwa tamu hivyo. Ilikuwa nyembamba kidogo, lakini nikiwa ng'ambo ya barabara, mikokoteni ikipita katikati, nilisikia kila neno la mwimbaji, na spika haikulalamika. Nikarudi ndani nikasema tunachukua hii.

Asajile hakunisemesha mpaka Makambako, na hapo alisema tu kwamba ana njaa.

Harusi ilikuwa Ubaruku, kwa kina Masanja, yule kijana Msukuma ambaye familia yake ilishuka Usangu na ng'ombe wao. Uliwahi kuisikia sauti yake karakanani alipoleta redio, ukamsifu kwa kutokuwa na haraka. Wakwe zetu ni watu wa moyo. Tulipofika asubuhi, baba yake Masanja alimjia Atupele mikono imefunguka, "Mwangaluka, mwanangu." Atupele, mtoto wa nyumba yako kweli, akaruka akajificha chini ya mkokoteni wa ng'ombe na gauni lake jeupe. Mzee wa watu akabaki ameshika hewa. "Nimemkosea nini mtoto?" Ikabidi nieleze mimi, na nilieleza kwa kirefu, maana kwa jambo hilo nina uzoefu. Akacheka mpaka akakaa. Kisha akaagiza mkeka utundikwe kati ya kiti chake na cha bibi harusi, ili mtoto ale vizuri.

Nilizifunga spika kwenye nguzo za zizi, upepo ukiwa nyuma yangu. Nilipoiweka amplifaya mezani, vijana wakaizunguka. "Hii redio ndiyo muziki wenyewe?" Asajile akaangalia pembeni kana kwamba amekuja na watu wengine. Nikaunga betri, nikaweka santuri, nikazungusha kitufe.

Ikaimba. Uwanda ule hauna mlima wa kuizuia sauti, ikaenda. Wachungaji waliokuwa mbali wakageuza ng'ombe. Waliokuwa wanakoboa mpunga mashineni wakaja na pumba kichwani, hawajaalikwa, wakacheza. Hofu yangu ikabaki moja tu, joto. Transista haipendi joto, na mchana wa Usangu unaujua. Nikaazima ungo, nikakaa naipepea mashine kama mgonjwa wa homa. Bibi mmoja wa Kisukuma akaniuliza kama inaumwa. Nikamwambia inaona haya kwa wakwe. Akachukua ungo wa pili akanisaidia.

Jioni ikafika zamu ya utambulisho. Zamani ilikuwa kazi yako, ungeshika maikrofoni mwenyewe ukawachekesha watu. Mama akanionyesha kwa kidevu, sema wewe. Nikasimama. Nikasema huyu ndiye Atupele, mzaliwa wa Mbeya, mdogo wa Asajile na Ambakisye. Nikasema, "Binti wa..."

Nikakwama. Neno lililofuata lilikuwa jina lako.

Spika zikabaki bila neno. Wakwe wakaangaliana. Nikamwona Asajile anainuka kwenye kiti, uso umekunjamana, na midomo yake ikasema, "Imekufa." Alikuja moja kwa moja kuelekea mezani, na mimi nimeshika maikrofoni iliyo hai, nashindwa kumwambia. Ningelitaja jina lako, seti ingepona. Ningelitaja mbele ya Mama, mbele ya dada zako wote. Koo lilikuwa limeshafunguka, Baba. Nililifunga. Nikasema moyoni wauze tu, viazi viingie, lakini hilo sitamfanyia mzee.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alikuwa ameelewa. Akawapiga viwiko shangazi waliokaa naye, nao wakaelewa, na kicheko kikapita safu hadi safu upande wetu wote. Nikaigeuza maikrofoni kuwaelekea. Wakasema jina lako kwa pamoja, wanawake kwa wanaume, wale uliowapigia muziki kwenye harusi zao na za watoto wao. Likaingia kwenye ile mashine ndogo, likatoka kwenye spika zako za kijani, likapita juu ya majaruba ya mpunga kwa sauti safi, kila herufi. Wasukuma wasiokujua wakalirudia kwa heshima. Atupele analia, anacheka. Asajile akasimama katikati ya uwanja, mkono mmoja hewani. Kisha akakaa pale pale chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya harusi.

Tulipokuwa tunafungasha alinibebea betri. Akasema, "Viazi vitakaa kwa Mama." Nami sikumdai zaidi.

Baba, nimeandika kirefu, na wewe ulipenda mtu aseme akamaliza. Nakukumbuka sana. Nakukumbuka zaidi asubuhi, nikianza kazi, maana bado natega sikio nyuma yangu. Amplifaya mpya inafanya kazi vizuri, ila bado haijajua kupeleka salamu, naifundisha polepole.

Pumzika vizuri, fundi wangu. Jumamosi nakwenda na seti kwetu Mlandege, binti wa shangazi yangu anaolewa. Nakuahidi sitazipandisha spika kupita uwezo wake, na sitalitaja jina lako, hata uzeeni. Kila harusi nikifika pa kumtaja mwenye seti nitanyamaza, niwaachie watu waliseme. Kwa hiyo ukisikia kimya huko uliko, usiwe na wasiwasi. Mashine ni nzima, ni mimi tu nakuheshimu.

Mkamwana wako,
Oliva